Sura ya Sita: Kisanduku Kati ya Jua na Betri

Lubumbashi ni mji uliozungukwa na umeme ambao majumbani haufiki vizuri. Bwawa la Mwadingusha kwenye mto Lufira lilianza kuzalisha mwaka 1930, kwa ajili ya shaba ya kampuni ya Union Minière. Koni ilifuata mwaka 1950. Upande wa Kolwezi, kwenye mto Lualaba, Nzilo ilikuja mwaka 1952 na Nseke mwaka 1956. Kisha mwaka 1982 ukakamilika waya wa umeme wa bwawa la Inga, wa kilomita 1,700 hivi, kutoka karibu na mdomo wa mto Kongo hadi Kolwezi, ukipita juu ya vijiji ambavyo usiku hubaki gizani. Vyote hivyo vilijengwa kwanza kwa ajili ya migodi, na mpaka leo migodi ndiyo mteja mkubwa. Mitambo ya Mwadingusha ilipokarabatiwa na kurudi kazini mwaka 2021, ukarabati ule uliendana na mahitaji ya mgodi wa Kamoa. Nyumba za mitaa ya Katuba, Kenya, Ruashi na Kampemba huishi kwa mgao wa SNEL, shirika la umeme la taifa, ule ambao kila mtu mjini anauita délestage.

Sheria ya tarehe 17 Juni 2014 iliruhusu watu na kampuni binafsi kuingia katika biashara ya umeme. Lakini mwenye nyumba hakuhitaji sheria ili apande juu ya mabati. Paneli za sola huingia na malori ya Kasumbalesa, mpakani na Zambia, kiasi cha kilomita 90 kutoka mjini. Pamoja nazo huja betri, na pamoja na betri huja kisanduku kidogo ambacho mafundi wa Lubumbashi hukiita régulateur. Katika kitabu hiki tutakiita kidhibiti chaji, au kidhibiti tu.

Mnunuzi wa kawaida hutumia fedha nyingi kwenye betri, hubishana kwa muda mrefu kuhusu wati za paneli, na kidhibiti hukichukua mwishoni, chochote kilichobaki kwenye kabati la muuzaji. Betri ikifa baada ya mwaka mmoja, lawama humwangukia aliyeiuza. Sura hii inatetea hoja tofauti: kidhibiti ndicho kinachoamua ni kiasi gani cha jua kitaingia kwenye betri, na ndicho kinachoamua betri itadumu misimu mingapi. Ukikosea hapo, paneli ya pili haitakuokoa.

Kwa nini paneli isiungwe moja kwa moja

Paneli ndogo inayouzwa kama ya volti 12 ina seli 36. Ikiwa kazini kwenye jua kali hutoa volti 17 hadi 18, na isipounganishwa na chochote hufika volti 21 au 22. Betri ya risasi na asidi ya volti 12, ikiwa imejaa na imepumzika, husoma takriban volti 12.7. Paneli imepewa volti za ziada kwa makusudi, ili hata siku ya joto au ya wingu iweze kuusukuma mkondo ndani ya betri.

Ziada hiyo hiyo ndiyo hatari. Betri ya risasi iliyokwisha kujaa haina tena pa kuweka mkondo. Ukiendelea kuisukuma kupita volti 14.4 hivi, umeme huanza kuyavunja maji yaliyomo kuwa hidrojeni na oksijeni. Maji hupungua, sahani hubaki wazi, nazo huliwa na kutu. Betri yenye vifuniko unaweza kuiongezea maji yaliyosafishwa, ila iliyofungwa ikikauka ndiyo basi. Zaidi ya hapo, hidrojeni katika chumba kisicho na dirisha inasubiri cheche tu ilipuke.

Usiku hali hugeuka. Paneli haina nguvu, betri inayo, na mkondo unaweza kurudi kinyumenyume kutoka kwenye betri kwenda juu ya paa. Kwa hiyo kazi mbili za kwanza za kidhibiti ni hizi: kuzuia mkondo usizidi mchana, na kuuzuia usirudi usiku.

Chukua kidhibiti cha bei nafuu, kile cha plastiki ya buluu au nyeusi kinachoenea kiganjani. Upande wa chini kina skrubu sita, mbilimbili, na juu ya kila jozi pana mchoro: paneli, betri, taa. Fungua mgongo wake utakuta bodi ya kijani, transista chache za nguvu zilizobanwa kwenye bamba la alumini, kapasita moja au mbili, na chipu ndogo. Transista ni swichi. Chipu hupima volti za betri muda wote, na kwa kipimo hicho huamua swichi zifunge au zifungue, mara nyingi sana ndani ya sekunde moja.

Awamu tatu

Kuchaji betri ya risasi kunafanana na kujaza kidumu cha maji kwa bomba. Mwanzoni unafungua bomba lote. Maji yakifika shingoni unapunguza. Mwishoni unaacha yadondoke kidogokidogo tu.

Katika awamu ya kwanza kidhibiti huachia mkondo wote paneli inaoweza kutoa. Volti za betri hupanda polepole hadi 14.4 hivi. Hapo betri imejaa kwa kiasi cha asilimia 80, na ndipo watu wengi hudhani kazi imekwisha. Katika awamu ya pili kidhibiti huzishikilia volti pale pale, na mkondo hupungua wenyewe kadiri betri inavyokaribia kujaa. Asilimia 20 ya mwisho huchukua saa mbili, tatu au zaidi, na hakuna njia ya mkato. Katika awamu ya tatu volti hushushwa hadi 13.6 au 13.8, zikitosha tu kuilinda betri isishuke.

Awamu ya pili ndiyo inayookoa betri. Betri ya risasi, ambayo Gaston Planté aliibuni Ufaransa mwaka 1859, bado inafanya kazi kwa kemia ile ile: inapotumika, uso wa sahani zake hugeuka salfeti ya risasi, inapochajiwa, salfeti hiyo huyeyuka na kurudi ilikotoka. Lakini salfeti iliyoachwa siku nyingi bila kurudishwa hukomaa na kuwa fuwele ngumu ambazo chaji ya kawaida haiziondoi. Sehemu hiyo ya betri imepotea. Betri isiyojaa kabisa mara kwa mara hufa taratibu, na mwenye nyumba haoni dalili yoyote isipokuwa taa kuzimika mapema kila mwezi.

Paneli kubwa, kidhibiti kidogo

Hapa ndipo penye kosa la gharama kubwa kuliko yote. Zamani karibu kila paneli ya nyumbani ilikuwa ya seli 36, nayo ilifaa kwa betri ya volti 12. Siku hizi zinazojaa madukani ni paneli kubwa za wati 550, kwa sababu wati moja ndani yake ni rahisi zaidi. Paneli ya namna hiyo hufanya kazi kwa volti 42 hivi na ampea 13, na ikiachwa wazi hufika volti 50. Mteja huiona wati 550 kwenye kibandiko, huiunganisha na kidhibiti cha aina ya PWM na betri ya volti 12, kisha hungoja wati 550.

Hatazipata. Kidhibiti cha PWM hakina uwezo wa kubadilisha volti. Hufunga na kufungua swichi tu. Swichi ikiwa imeunganisha, paneli inalazimika kufanya kazi kwa volti za betri. Ampea 13 zitapita, lakini kwa volti 13 tu: ampea 13 mara volti 13 ni wati 169. Zilizobaki, zaidi ya theluthi mbili, zinaishia kuwa joto juu ya bati. Tena hiyo ni pale ambapo kidhibiti kimesalimika, maana vipo visivyovumilia zaidi ya volti 25 upande wa paneli, na hivyo huungua siku ya kwanza.

Tufanye hesabu ya nyumba moja ya Ruashi. Taa sita za wati 7 kwa saa tano: wati-saa 210. Televisheni ya wati 60 kwa saa tano: 300. Dekoda: 75. Simu nne: 40. Jumla ni 625. Ongeza kinachopotea kwenye inveta, kifaa kinachogeuza umeme wa betri kuwa umeme wa nyumbani, utafika 735 hivi, sawa na ampea-saa 60 kutoka kwenye betri ya volti 12. Betri ya ampea-saa 200 inazitoa bila kuchoka, kwani haifiki hata nusu.

Kesho yake lazima zirudi. Betri ya risasi hudai zaidi ya ilichotoa, kwa asilimia 10 hadi 15. Yaani ampea-saa 66 hadi 69. Tukichukua saa tano za jua kamili kwa siku, paneli yetu ikiwa na PWM italeta ampea 13 mara saa 5, sawa na 65. Pengo ni dogo, nalo linarudi kila siku. Betri haimalizi awamu ya pili, salfeti inakomaa, na baada ya msimu mmoja wa mvua mwenye nyumba anarudi dukani kulalamika juu ya betri ambayo haikuwa na kosa.

Kidhibiti cha aina ya MPPT hufanya jambo jingine. Ndani yake kuna koili ya waya wa shaba na saketi inayobadilisha volti nyingi zenye ampea chache kuwa volti chache zenye ampea nyingi. Chipu yake hujaribujaribu siku nzima, ikipandisha na kushusha volti za paneli kidogokidogo, ikitafuta mahali ambapo volti mara ampea zinatoa wati nyingi zaidi. Jua likibadilika, nayo inatafuta upya. Paneli ile ile ya wati 550, tukiondoa robo kwa ajili ya joto, vumbi na waya, huleta wati 410 hivi, nazo kwa volti 13.5 ni ampea 30. Kwa saa tano, ni ampea-saa 150. Betri ya nyumba yetu inajaa, inakamilisha awamu zote, na inabaki na akiba ya kupambana na mawingu ya Januari.

Ni kweli kwamba MPPT ina bei kubwa. Kwa paneli ndogo ya seli 36 yenye wati 50 au 100 haina maana kuinunua. PWM inatosha kabisa. Kwa paneli kubwa, tofauti ya bei inalipwa na betri moja tu ambayo hukuitupa.

Jihadhari na kibandiko. Vipo visanduku vilivyoandikwa MPPT ambavyo ndani ni PWM. Cha kweli ni kizito, kwa sababu ya koili na bamba la kupoza joto. Kipimo cha uhakika ni mita ya kubana waya, wakati betri ina njaa na jua limesimama: pima ampea upande wa paneli, kisha upande wa betri. Paneli kubwa ikiwa kwenye MPPT ya kweli, ampea za upande wa betri zitazidi za upande wa paneli. Zikilingana, umeuziwa jina. Tazama pia matundu ya skrubu: kisanduku kinachodai ampea 60 lakini hakipokei waya mnene kuliko ule wa taa kinakuonyesha chenyewe ukweli wake.

Baridi ya Juni

Lubumbashi iko mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari, na asubuhi za Juni na Julai baridi yake wageni hawaitarajii. Kwa paneli, baridi ni nguvu. Volti za kibandiko zilipimwa kwa nyuzi joto 25. Kila nyuzi moja ikishuka, volti za paneli iliyo wazi hupanda kwa asilimia 0.27 hivi. Asubuhi ya nyuzi 8, paneli ya volti 50 inafika 52 na zaidi.

Sasa fikiria fundi ameunga paneli mbili mfuatano kwenye kidhibiti chenye kikomo cha volti 100. Kwenye karatasi, 50 na 50 ni 100. Asubuhi ya Juni ni karibu 105, na transista za kidhibiti zinakufa kabla mama wa nyumba hajachemsha chai. Kwa paneli mbili kubwa mfuatano, nunua kidhibiti cha volti 150. Ukibaki na cha 100, ziunge sambamba.

Joto la Oktoba nalo lina upande wake. Betri ya risasi yenye joto huhitaji volti pungufu: kwa ile ya volti 12, takriban volti 0.024 kwa kila nyuzi moja juu ya 25. Katika chumba chenye nyuzi 35 chini ya bati, 14.4 inapaswa kuwa 14.16. Kidhibiti kizuri hufanya marekebisho hayo chenyewe, ila vingi hupima joto pale kilipo kisanduku. Kwa hiyo betri na kidhibiti vikae chumba kimoja, karibu karibu, penye hewa, mbali na jiko.

Inveta inayopita pembeni

Jozi ya tatu ya skrubu, ile yenye mchoro wa taa, ina kazi ambayo wengi hawaijui. Betri ikishuka sana, kidhibiti hukata umeme wa jozi hiyo ili betri isifike chini kabisa. Lakini inveta yenye kuwasha televisheni au friji huvuta mkondo mkubwa kuliko skrubu hizo zinavyoweza kubeba, kwa hiyo fundi huiunga moja kwa moja kwenye betri. Amefanya sawa, ila ulinzi wa kidhibiti sasa hauihusu inveta.

Unaobaki ni ulinzi wa inveta yenyewe, ambao kwa kawaida hukata kwenye volti 10.5 hivi. Betri ya risasi iliyofika hapo imekwisha tupu. Usiku wa délestage ndefu jambo hilo hutokea mara kwa mara, na kila mara linakata kipande cha maisha ya betri. Tafuta inveta inayokubali kupandishwa kikomo hadi volti 11.5 au 11.8. Kama yako haikubali, zima televisheni mapema. Hakuna chombo kitakachokufanyia.

Mwambie kidhibiti una betri gani

Vidhibiti vingi huja vimepangwa kwa betri ya risasi yenye maji. Betri ya jeli hutaka volti 14.1 au 14.2, ukiipa zaidi hutoa mapovu ndani yasiyoondoka. Betri ya lithiamu ya chuma na fosfati, yenye seli nne mfuatano, hutaka 14.2 hadi 14.4, haihitaji awamu ya tatu ndefu, na chaji kali ya mara moja kwa mwezi inayozifaa betri za maji ni marufuku kwake. Betri ya gari, ambayo wengi huitumia kwa kuwa ni rahisi, ina sahani nyembamba zilizotengenezwa kwa kuwasha injini tu, na hakuna mpangilio wa kidhibiti utakaoibadilisha kuwa betri ya sola.

Waya, mwelekeo, na mpangilio wa kuunga

Katika mji wa shaba, waya wa sola mara nyingi ni alumini iliyopakwa shaba. Kwangua ncha kwa kisu: ukiona weupe, uache. Hata shaba halisi ina mipaka. Waya wa milimita mraba 2.5, wenye urefu wa mita 10 kwenda na 10 kurudi, ukipitisha ampea 10 hupoteza volti 1.4. Kwenye mfumo wa volti 12 wenye PWM, huo ni upungufu unaoweza kuizuia betri kujaa. Kwa milimita 6 hupotea 0.6. Kati ya kidhibiti na betri, waya uwe mfupi na mnene, wenye fyuzi karibu na betri.

Lubumbashi iko kusini mwa ikweta, kwenye latitudo ya nyuzi 11 na ushei, kwa hiyo paneli ielekee kaskazini, ikiinuliwa nyuzi 10 hadi 15. Mwinuko huo pia husaidia mvua kuosha vumbi. Kiangazi, kuanzia Mei hadi Septemba, mvua haipo na vumbi jekundu hukaa: ifute paneli kwa maji na kitambaa laini, asubuhi kabla kioo hakijapata moto.

Unapounga, anza na betri, kisha paneli, mwisho matumizi. Unapofungua, fuata kinyume chake. Kidhibiti husoma betri kwanza ili kijue kama mfumo ni wa volti 12 au 24. Paneli ikitangulia, kinaweza kusoma vibaya au kuungua.

Mita mkononi

Mwenye betri ya risasi anahitaji kusoma namba mbili. Soma volti za betri alfajiri, kabla ya jua, vitu vyote vikiwa vimezimwa: ikiwa ni 12.2 au zaidi, umetumia nusu au pungufu, na betri iko salama. Ikiwa ni chini ya 12, unaiua. Kisha tazama kidhibiti saa tisa alasiri ya siku yenye jua: kama hakijafika volti za awamu ya pili, 14.4 hivi au zile zinazoifaa betri yako, hata mara moja, betri yako haijai. Kwa lithiamu namba hizo hazisemi mengi, kwa kuwa volti zake hubaki karibu palepale hadi inapokaribia kuisha. Tegemea saketi ya ulinzi iliyomo ndani yake.

Fanya vipimo hivyo kwa wiki moja kabla ya kwenda dukani. Kama alfajiri ni chini na alasiri haifiki, tazama kwanza aina ya kidhibiti, mpangilio wake na unene wa waya. Vikiwa sawa vyote, hapo ndipo paneli ya pili ina haki ya kununuliwa.